Niliona Haya Kumpima Baba Mkwe, Nikampandisha Ndege

Nimekosa. Nasema mapema kabla hujaanza kunitafutia kisingizio, maana watu wa hapa Eldoret wamenitafutia vingi. Ati ni upepo. Ati ni injini kuukuu. Ati kuna jirani aliniroga kwa wivu. Uongo mtupu! Hakuna aliyeniroga. Ni huu mdomo wangu uliokataa kufunguka siku moja tu, na mzee wa watu akavunjika mgongo.

Nikimaliza kukueleza utasema huyu ni mjinga. Sema tu. Nimeshajiambia mabaya kuliko hayo.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, hapa mtaa wa Pioneer. Mageti, madirisha, vitanda vya shule za bweni, trela za trakta, hiyo ndiyo kazi yangu. Kwetu ni magharibi, kwa Waluhya. Nilikuja huku kijana, nikapata kazi na nikapata mke. Mke wangu, Njeri, ni fundi wa kushona, na ni Mkikuyu wa Kiplombe, nje kidogo ya mji. Baba yake analima viazi na kabeji. Ni mzee wa kanisa, mtu mkubwa wa mwili, akicheka hata kuku wanatoroka.

Na huyo mzee hakuwahi kunipenda.

Sasa shika hapa vizuri. Kwetu, baba mkwe unamheshimu mpaka unamwogopa. Huketi kwenye kiti chake. Humkazii macho. Na kitu chochote cha mwili wake, iwe ni ugonjwa, iwe ni unene, hukitaji kamwe! Hivyo ndivyo nililelewa. Nilikuwa nikifika kwake nainamisha kichwa, nasema "Mzee, habari," kisha nanyamaza hadi chai iishe.

Njeri alikuwa ananicheka. "Wewe, baba yangu si maiti! Ongea naye!"

Sikuweza. Na yule mzee, kwa vile mila zetu si zake, akaona mimi ni mtu bure. Aliwahi kumwambia Njeri nikisikia, "Huyo fundi wako haongei. Mtu asiyeongea ni kwa sababu hana la kusema." Miaka yote hiyo hakuwahi kuniita mkwe. Nilikuwa "huyo fundi". Iliniuma, nikameza.

Ndege ilikuja hivi. Niliitwa kuchomelea milango ya banda fulani la ndege ndogo, nikakuta moja imevuliwa ngozi. Woi! Ndani ni mbao nyembamba, mabomba ya chuma na kitambaa! Nilisimama pale na kofia yangu ya kuchomelea mkononi nikajiambia, hii kitu naweza. Chuma nakijua. Mbao najua. Na kitambaa, si nina Njeri?

Nikaagiza michoro kutoka ng'ambo. Ndege ya watu wawili, mnakaa bega kwa bega. Jioni baada ya kazi nilikuwa nachora plaiwudi, nakata, nagundisha, nachomelea. Injini niliitoa kwenye gari la zamani, yale ya umbo la kobe. Njeri alishona kitambaa cha mbawa kwenye mashine yake ya kukanyaga, akaniambia kile kiti cha pili ni chake, asikalie mtu mwingine kabla yake. Nikasema sawa. Tulikuwa na furaha, nisikudanganye.

Kurusha nilikuwa nimefunzwa, lakini sikumaliza masomo. Kibali pia sikuwa nacho. Nilijidanganya kwamba bora nisitoke nje ya shamba na nisipande juu sana, basi sina kosa. Unaona vile mtu anaanza kuteleza polepole?

Shamba lilikuwa la rafiki yangu Kibet, huko huko Kiplombe. Kibet alikuwa mkimbiaji zamani, siku hizi analima ngano na kununua mahindi. Ngano ikishavunwa, shamba lake ni tambarare, refu, linafaa kabisa. Mwisho wake kuna ua wa seng'enge, halafu mstari wa miti mirefu ya blugamu, halafu mashamba ya watu, likiwemo la baba mkwe.

Sasa, kuna jambo ambalo kila mtu wa Eldoret analijua na tunajivunia. Huku juu hewa ni nyembamba. Ndiyo maana wakimbiaji wanatoka dunia nzima kuja kuhema nasi! Lakini injini haijui kujivunia. Injini huku inahema kama mgeni aliyeshuka juzi kutoka pwani, na mbawa zenyewe hazipati hewa ya kukanyaga. Ile ndege ilichorwa na mtu wa nchi ya chini. Kwao ni ya watu wawili. Kwetu ni ya mtu mmoja na kipande. Na jua likiwaka, hata hicho kipande kinapungua.

Haya nilikuwa nayajua! Ndiyo sababu naita hili ungamo. Nilipima. Kibet ana mizani kwenye stoo yake, ile ya chini ya kuwekea magunia. Tulipima injini, tukapima mbawa, nikapanda mimi mwenyewe. Halafu tukafunga mahindi kwenye kiti cha pili tukajaribu, asubuhi na mapema, baridi ikiwa bado inauma. Debe nne za mahindi, ikaruka kwa shida. Debe ya tano, ikakimbia shamba zima na kukataa kuacha ardhi. Kibet akafunga kitambaa cheupe kwenye nguzo moja ya ua wa pembeni. Tukakubaliana: nikifika hapo magurudumu bado yako chini, nazima injini, bila kubishana na moyo.

Basi. Jumapili moja alfajiri niliruka peke yangu. Nikazunguka shamba mara mbili, nikatua salama. Watu waliokuwa wakienda kanisani wakaniona. Unajua habari inavyokimbia! Ibada haijafika nusu, kanisa zima linajua kwamba mume wa Njeri ameruka na ndege aliyoitengeneza kwa mikono yake.

Kabla ya yeye kwenda kanisani na watoto, Njeri alinishika mkono pale shambani. Akasema, "Leo usipandishe mtu. Niahidi." Nikamwahidi. Alinijua kuliko nilivyojijua.

Saa sita hivi, jua limewaka hadi mashina ya ngano yanapasukapasuka, naona watu wanatoka njia ya kanisani. Akina mama na vitambaa vyao, wazee, watoto. Na mbele yao, amevaa suti ya Jumapili na koti zito juu yake na fimbo mkononi, baba mkwe.

Nikainamisha kichwa kama kawaida. Yeye akaja moja kwa moja, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mkwe wangu!" akasema. Kwa sauti, watu wote wakisikia. "Mkwe wangu, kumbe hivi ndivyo ulikuwa unanyamazia?"

Wacha nikwambie ukweli, nilitaka kulia. Ni mtu mzima mimi, nina ndevu.

Akaizunguka ndege. Akagonga bawa kwa kidole. Akasema, "Hii ni ile nguo binti yangu alishona?" Nikasema ndiyo. Akatingisha kichwa. Kisha akaniangalia na macho ya mtoto.

"Nipandishe. Nimelima hilo shamba langu tangu nikiwa na meno yote. Nataka niangalie vile Mungu analiona."

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akapiga vigelegele. Mimi nikatazama jua.

Kibet akanivuta kando nyuma ya mkia. "Sikiza," akasema polepole. "Mizani iko pale. Mpime kwanza."

"Nimpime? Nimwambie apande mizani ya mahindi mbele ya kanisa lote? Kibet, huyo ni baba mkwe wangu, si gunia!"

"Basi mwambie ni kesho asubuhi, baridi ikiwepo. Hili jua halikubali."

"Akiuliza kwa nini?"

Kibet akawatazama watu wa kanisa. Alielewa. Nikisema kesho, mzee atauliza kwa nini si leo. Na jibu lilikuwa moja tu: wewe Mzee ni mzito. Hilo neno halikuwa ndani ya kinywa changu. Siku ile ya kwanza kuitwa mkwe, nimwambie mzee wa watu, mbele ya watu, kwamba amenenepa? Hapana. Nilikuwa tayari kufa kuliko kusema.

Shida ni kwamba aliyekuwa karibu kufa hakuwa mimi peke yangu.

Nikampima kwa macho. Nikajiambia, debe nne na kitu. Debe nne gani! Hata kipofu angejua yule ni zaidi ya debe tano, gunia zima limejaa hadi kushonwa. Lakini ukitaka kudanganyika, macho yako yanakusaidia.

Nikaanza ujanja. Nikamwambia Kibet atoe petroli, tubakishe ya mzunguko mmoja tu. Nikashusha sanduku la spana. Nikavua koti langu. Nikavua hata viatu!

Mzee akacheka. "Mkwe, kwani hapa ni kichaka cha Musa?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikacheka pia, huku naangalia lile koti lake zito na vile viatu vyake vya ngozi. Ningesema tu, "Mzee, vua koti." Maneno matatu! Sikusema. Nilivua vyangu vyote nikamwachia vyake vyote.

Akapanda. Ndege ikalala upande wake. Nikasikia springi ya gurudumu inalia. Nikamfunga mkanda bila kumgusa tumbo. Mabega yetu yakabanana. Nilikuwa sijawahi kukaa karibu na huyo mtu hivyo.

Nikawasha. Kibet alishika mkia hadi injini ikapanda, akaachilia. Tukaondoka.

Mwanzo ilikuwa nzito, kama mkokoteni kwenye matope. Nikangoja mkia uinuke. Ukachelewa. Ukainuka. Mashina ya ngano yakaanza kukimbia chini yetu, tap-tap-tap-tap. Mzee alikuwa anamwita Mungu kwa Kikuyu, "Ngai! Ngai!" na anacheka.

Ndipo nikamwona Njeri. Alikuwa amechelewa nyuma na watoto, na sasa alikuwa anakimbia kukata shamba, na viatu vyake vya kanisani mkononi, akipunga mikono yote miwili. Watu waliokuwa pale walidhani anashangilia. Mimi nilijua hashangilii. Tukampita, na uso wake niliuona vizuri sana.

Kitambaa cheupe kikaja. Magurudumu bado yako chini.

Sikiza. Hapo ndipo. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa kwenye kishikio cha injini. Kuzima ni kuvuta tu! Tungesimama karibu na ua, pengine tungeparuza bawa, mzee angeshuka anacheka. Nilikuwa na nafasi ya kupumua mara moja. Na wakati huo huo mzee akaweka mkono wake juu ya goti langu, akasema, "Twende, mkwe!"

Nikaenda.

Kitambaa kikapita. Nikavuta usukani, ile fimbo ya chuma katikati ya magoti, na ndege ikaachana na ardhi shingo upande. Seng'enge ikapita chini ya magurudumu, nikasikia ikitukwaruza. Tulikuwa juu! Lakini hatupandi. Niliongeza injini, hakuna cha kuongeza, ilikuwa imefika mwisho wake. Miti ya blugamu ilikuwa inakua mbele yetu. Inakua tu. Hewa yetu ya kujivunia ilikuwa imetuacha.

Nilijua siwezi kuiruka ile miti. Nilijua pia nikigeuza nikiwa mwendo mdogo vile, bawa la ndani litakufa, yaani litakosa hewa ya kulibeba. Mwalimu aliniambia hivyo siku ya kwanza kabisa. Nikageuza, kwa sababu hakukuwa na kingine.

Katikati ya miti kuna pengo, na kwa hilo pengo shamba la mzee likaonekana. Kabeji kwa mistari, paa la mabati, ng'ombe wawili.

"Ile ni nyumba yangu!" mzee akasema. Sauti yake haikuwa na woga hata kidogo. "Mkwe, tazama! Ile ni nyumba yangu!"

Bawa likaanguka.

Sikumbuki kishindo. Nakumbuka kimya na harufu ya petroli na majani ya blugamu. Mimi nilikuwa nimevunjika mfupa wa bega na mbavu. Mzee alikuwa amekaa wima bado, koti lake limefungwa vifungo, macho wazi. Akaniuliza taratibu sana, "Mkwe, mbona miguu yangu sisikii?"

Njeri alifika wa kwanza, miguu yake inatoka damu kwa mashina ya ngano. Hakulia. Hakunipiga. Alinitazama mara moja tu, kisha akaingia kwenye yale mabaki akashika kichwa cha baba yake kisitingishike. Heri angenipiga.

Wakubwa wa mambo ya ndege walikuja, wakachukua mabaki, na mimi nikaitwa kujibu. Hiyo kesi siilalamikii, ni haki yangu. Wenye ndege za kujitengenezea wanaofuata sheria, mniwie radhi, nimewaharibia jina.

Lakini kile kilichonimaliza kilikuwa hospitalini. Mzee amelala chali, hawezi kugeuka. Kibet alikuwa ameenda kumwona, akamweleza habari ya mizani, ya debe nne na debe tano. Niliitwa. Nikasimama mwisho wa kitanda, nimeinamisha kichwa.

"Ni kweli mizani ilikuwa pale?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na hukunipima kwa nini?"

Nikasema kwa sauti ya chini, "Kwetu, Mzee, mtu hawezi kumwambia baba mkwe kuhusu mwili wake. Nilikuwa nakuheshimu."

Mzee alitazama dari. Halafu, aki ya Mungu, akacheka. Kicheko kibaya, machozi yanaingia masikioni maana amelala chali.

"Mimi nina presha!" akasema. "Kila mwezi napimwa kliniki. Nesi anasoma kilo zangu kwa sauti, foleni yote inasikia, tunacheka! Kilo zangu nazijua kama jina langu. Ungeniuliza ningekuambia. Ungesema kesho, ningekuja kesho, tena bila koti. Kwani uliona mimi ni nani, nisiyeweza kuambiwa kitu?"

Njeri alikuwa hapo mlangoni. Alisikia yote. Akasema neno moja tu, tena si kwa hasira, "Nilikuambia uongee naye." Akatoka.

Hajaniacha. Watu wananiambia nina bahati. Tunaishi nyumba moja na baba yake sasa, tulimhamisha hapa Pioneer ili awe karibu na hospitali. Shamba lake linalimwa na watu wa kukodi. Kitambaa cha mbawa kilichobaki kwenye cherehani, Njeri alikikunja mara mbili akakishona pembeni, na hicho ndicho tunachotumia kumgeuza kitandani. Hashoni tena akiwa anaimba. Ananipa chakula, ananiambia chumvi iko wapi. Basi.

Ndugu yangu unayesoma, kama una fundi, dereva, daktari, mtoto, mzazi, mkwe, na kuna jambo la usalama ambalo unaona haya kulitamka, litamke! Kuuliza si ujinga, tuliambiwa tukiwa darasa la kwanza. Mficha uchi hazai. Usiite woga wako heshima. Mimi nilimheshimu mtu hadi nikamvunja mgongo.

Na kama unajenga ndege huku kwetu juu, weka alama yako, na ukiifikia bado uko chini, zima. Hata kama ni nani amekaa kando yako. Hata kama amekuita jina ulilolisubiri maisha yako yote.

Kila mwezi nampeleka kliniki, bado presha inamsumbua. Hawezi kusimama kwenye mizani. Kwa hivyo nesi ananiambia nimbebe. Namwinua mikononi, anazungusha mkono shingoni mwangu, tunapanda pamoja, nesi anaandika. Halafu namrudisha kwenye kiti chake cha magurudumu, napanda peke yangu, nesi anatoa kilo zangu, zinazobaki ni zake. Anazisoma kwa sauti, foleni yote inasikia.

Mwezi uliopita nesi alizisoma, mzee akanitazama. Amekonda sana. Koti lile la Jumapili linamzunguka mara mbili.

"Mkwe," akaniuliza, "hizo ni debe ngapi?"

Nikamwambia ukweli. Nikasema, "Nne, Mzee."